Wamekuja kudai deni la gari walilokwisha kulichukua? Anza na tarehe

Kijana alinikuta mwaloni Kibirizi, Kigoma, Jumanne moja ya Julai 2024, saa nne asubuhi. Ziwa lilikuwa limefungwa. Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka ule, kwa hiyo chanja za kuanikia dagaa zilikuwa tupu na mimi nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, nachambua dagaa wa mwisho wa akiba. Kijana kavaa viatu vya kuchongoka, vinazama mchangani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Dagaa hakuna."

"Sijafuata dagaa, mama. Nimekufuata wewe."

Akatoa bahasha. Kampuni moja ya mikopo ilikuwa inanidai shilingi 17,860,000 za mkopo wa lori langu, Canter. Hiyo Canter walikuja kuivuta wenyewe kwa breakdown Novemba 2017, wakaiuza kwa mnada Februari 2018. Nikajua yamekwisha. Kumbe kuuza gari hakumalizi deni: kama bei ya mnada haikutosha, kilichobaki bado wanaweza kukudai, pamoja na riba na faini zilizoandikwa kwenye mkataba uliousaini bila kusoma. Mimi walikuwa wananidai milioni 11 na laki 4 walipoichukua, wakaiuza milioni 9. Tofauti ni milioni 2 na laki 4. Zilivyofika milioni 17 na ushei, wanajua wao.

Kijana hakunitisha, na hapo ndipo ilipo hatari. Alisema kwa upole kabisa, "Mama, mimi sijaja kwa ubaya. Nipe hata elfu hamsini nikaoneshe ofisini kwamba una nia. Halafu nisainie hapa, kuonesha tu kwamba nimekufikia."

Ziwa lingekuwa wazi siku ile ningempa. Elfu hamsini ni ndoo ngapi za dagaa? Ningempa na ningesaini, kwa sababu sisi tumelelewa kumheshimu mgeni. Lakini sikuwa na hela, na miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani, Mwanga ya hapahapa Kigoma. Nikamwambia aniachie karatasi. Jioni binti yangu akanisomea hiyo ya "kuonesha tu kwamba nimekufikia". Iliandikwa: "Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kudaiwa kiasi hicho na naahidi kukilipa chote."

Naandika haya kwa ajili ya mwenye Noah, bajaji, Fuso au bodaboda ya mkataba aliyenyang'anywa chombo miaka mingi iliyopita na sasa anapigiwa simu. Kabla hujaongea, kabla hujalipa, na hasa kabla hujasaini, kaa chini uhesabu tarehe.

Miaka sita

Tanzania tuna Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ya tangu mwaka 1971. Inasema kila aina ya dai lina muda wake wa kupelekwa mahakamani. Dai linalotokana na mkataba, na mkopo wa gari ni mkataba, muda wake ni miaka sita. Kifungu cha 3 kinaiambia mahakama ilifute shauri lililoletwa nje ya muda, hata kama mdaiwa mwenyewe hakulisemea hilo. Madhara yasiyo ya mkataba ni miaka mitatu, ardhi ni miaka kumi na miwili, kwa hiyo ukisikia mtu anataja miaka mingine muulize kwanza anazungumzia dai gani. Kama uliweka nyumba au kiwanja rehani kwa ajili ya hilo gari, usitumie hesabu yangu. Hiyo peleka kwa wakili.

Binti yangu aliona kwenye simu kwamba ni miaka minne, akaja mbio kufurahi. Hiyo ni Marekani. Kule majimbo mengi deni la gari linahesabiwa chini ya sheria ya mauzo ya bidhaa, ambayo muda wake ni miaka minne, na majimbo mengine yana hesabu zao. Kenya ni sita kama sisi. Simu haijui umekaa Gungu ya Kigoma au Ohio ya Marekani, inakuletea tu.

Sasa, sita tangu lini? Hapa ndipo watu wanapojikwaa. Muda unaanza siku mdai alipopata haki ya kukushtaki, na kwenye mkopo wa gari siku hiyo inaweza kubishaniwa. Chukua karatasi uandike tarehe nne. Siku uliyolipa rejesho la mwisho. Siku ya rejesho la kwanza ulilolikosa. Siku walipokuandikia kwamba deni zima linatakiwa kwa mkupuo. Na siku gari lilipouzwa, maana watadai kwamba kabla ya mnada hawakujua kilichobaki ni kiasi gani. Wewe utataka ihesabiwe ile ya mapema, wao watataka ya mwisho. Dawa yake ni kufanya hesabu kwa ile inayokuumiza zaidi. Ikiwa hata kwa hiyo muda umepita, una kitu mkononi.

Za kwangu zilikuwa hivi. Rejesho la mwisho nililipa tarehe 21 Agosti 2017. Hapo katikati nisikufiche: Canter ilipasua silinda hedi njia ya Nyakanazi, enzi ile barabara ni vumbi na makorongo, na mzigo wa dagaa wa Kahama ukaoza nusu. Benki na kampuni wanataka rejesho kila tarehe 21, lakini ziwa halina tarehe 21. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaendi, kwa sababu taa hazivuti dagaa kukiwa na mwanga, na wiki hizo mwalo mzima unaishi kwa kukopeshana. Anayekopesha watu wa Kibirizi angepaswa kuangalia mbalamwezi kwanza. Basi. Gari liliuzwa tarehe 12 Februari 2018. Ongeza miaka sita: 12 Februari 2024. Barua ya kijana ilikuwa na tarehe 9 Julai 2024.

Tarehe hizi usizitoe kichwani. Mimi nilizipata kwenye mfuko wa Rambo chini ya kitanda: risiti za marejesho, meseji za muamala wa simu, na karatasi ya dalali wa mnada iliyokunjwa mara nne. Huna? Rejesho ulilolipa kwa simu kampuni ya simu inaweza kukutolea taarifa, ulilolipa benki omba stetimenti.

Vitu vinavyoharibu hesabu

Ukikiri deni kwa maandishi na kusaini, miaka sita inaanza upya tangu siku hiyo. Ukilipa chochote kwenye deni hilo, vilevile. Kwa hiyo ile elfu hamsini ya "kuonesha nia" si elfu hamsini. Ni miaka sita mingine unawanunulia.

Na muda ukiwa umekwisha kabisa? Watu wanadhani hapo hata wakisaini haidhuru, deni limeshakufa. Hapana. Kuna Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 25: ahadi ya maandishi iliyosainiwa, ya kulipa deni lililopitwa na muda, ni mkataba halali. Maana yake unatengeneza deni jipya kwa mkono wako. Ile karatasi ya kijana ilikuwa na maneno yote mawili, "nakiri" na "naahidi". Aliyeiandika hakukosea.

Ujumbe wa simu nao usiuone mdogo. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, maandishi ya kielektroniki yanatambuliwa, kwa hiyo usimwandikie mtu WhatsApp saa sita usiku "nitalipa mwezi ujao kaka nivumilie" ukidhani ni maneno tu.

Jambo la tatu linatuhusu sana watu wa Kigoma. Siku ambazo mdaiwa alikuwa nje ya nchi hazihesabiwi. Mimi mwaka 2019 nilikaa Kalemie, ng'ambo Kongo, kwa mdogo wangu wiki saba, nikifuata migebuka. Mwingine anakaa Bujumbura miezi minane, anarudi, anadhani miaka sita yake imetimia. Ondoa siku hizo. Zangu ni 49, ukizisukuma mbele kutoka 12 Februari 2024 unafika 1 Aprili 2024. Bado walikuwa wamechelewa.

Yapo na yanayodhaniwa kusimamisha muda lakini hayasimamishi. Barua ya madai haisimamishi kitu, hata ikiwa na mhuri wa wakili na maneno mekundu. Mazungumzo hayasimamishi. Mahakama ya Rufani imeshasema hivyo: mkiendelea kujadiliana, muda nao unaendelea. Kinachohesabika ni siku shauri lilipofunguliwa mahakamani. Mdai anaweza kumwomba Waziri wa Sheria amwongezee muda, usiozidi nusu ya ule wa kawaida, yaani mitatu juu ya sita. Akisema anayo amri hiyo, aioneshe.

Na kitu kimoja kikubwa uliza kabla ya yote: je, walishakushtaki zamani bila wewe kujua? Kama ipo hukumu, hata ya upande mmoja, yaani iliyotolewa wewe hujajibu wala kufika, basi hatuzungumzii tena miaka sita. Kukaza hukumu, yaani kuitekeleza, kuna miaka kumi na miwili. Nenda masijala ya mahakama mliyoitaja kwenye mkataba, na ya wilaya unakoishi, taja jina lako na la kampuni, uliza. Ukikuta hukumu ya upande mmoja, siku za kuomba iondolewe ni chache, usirudi nyumbani kulala.

Kujibu barua

Mara ya kwanza binti yangu ndiye aliyeandika majibu. Kasoma yule, kaandika vizuri: "Napenda kukiri kupokea barua yenu. Ni kweli nilishindwa kumalizia deni kwa sababu ya matatizo ya gari. Naomba mnivumilie na ikiwezekana mnipunguzie." Barua ya adabu, mwalimu wake wa darasa la saba angeipa alama zote. Msaidizi wa kisheria wa Ujiji aliyetusaidia aliisoma, akaicheka, akaichana vipande vinne. "Mama, hapa umeshalipa."

Tukaandika nyingine mbele yake, fupi:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe 9 Julai 2024. Sikubali kwamba nadaiwa kiasi mnachotaja wala kiasi kingine chochote. Naomba mnipatie nakala ya mkataba, taarifa kamili ya akaunti, tarehe na bei ya mauzo ya gari, na tarehe mnayodai haki yenu ya kudai ilianza. Barua hii si kukiri deni."

Hakuna shukrani, hakuna pole, hakuna "naomba mnivumilie". Iliniuma kidogo, sikuzoea kumwandikia mtu hivyo. Sikutaja miaka sita pia, na hilo lilikuwa shauri la yule msaidizi: kazi ya kuhesabu waachie wenyewe. Piga nakala mbili, peleka kwa mkono, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.

Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ulizia halmashauri wakuelekeze walipo. Hawasimami mahakamani kwa niaba yako, lakini kusoma karatasi wanajua.

Samansi ikija

Ilikuja. Walifungua shauri tarehe 16 Septemba 2024, na samansi, yaani wito wa mahakama, ikanifikia mwaloni wiki iliyofuata. Jirani yangu wa chanja akanishauri niikatae, eti usipoipokea kesi haipo. Mume wake alifanya hivyo mwaka fulani, akahukumiwa akiwa anakunywa kahawa. Ipokee, andika tarehe uliyoipokea kwa mkono wako pembeni, kwa sababu una siku 21 za kupeleka utetezi wa maandishi tangu siku hiyo. Isome vizuri pia: yapo mashauri ya muhtasari ambayo huruhusiwi kujitetea mpaka uombe ruhusa kwanza. Kama samansi yako inasema hivyo, tafuta wakili siku ileile.

Nimesema mahakama inatakiwa kulifuta yenyewe shauri lililopitwa na muda. Usiitegemee hiyo. Hakimu ana mafaili mengi, na usipojibu ndiyo ile hukumu ya upande mmoja. Kwenye utetezi wangu wakili niliyemchukua aliweka juu kabisa pingamizi la awali, mistari miwili: kwamba shauri limefunguliwa nje ya muda kinyume cha Sheria ya Ukomo, na linapaswa kufutwa. Chini yake ndipo akajibu aya zao moja moja, akikana deni na hesabu ya riba. Yote kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, usikubali mtu akulipishe ya tafsiri.

Pingamizi la awali lina masharti yake. Linasimama kwenye sheria tupu, halisimami kama tarehe zenyewe zinahitaji mashahidi. Kwa hiyo ukipewa hati ya madai, chukua kalamu upige mstari chini ya kila tarehe waliyoandika wao. Hati yao, aya ya 7: gari liliuzwa tarehe 12 Februari 2018. Aya ya 9: tangu hapo mdaiwa hajalipa hata senti moja. Nilisoma aya ya 9 mara tatu. Waliiandika ili nionekane mtu mbaya, na ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu walisema kwa mdomo wao kwamba hakuna malipo ya kuanzisha hesabu upya. Tena sheria inataka mdai anayekuja kwa kuchelewa aeleze kwenye hati yake ni kwa nini asihesabiwe amechelewa. Hawakueleza.

Siku ya kusikilizwa wakili wao alisema tulikuwa na mazungumzo kwa simu mwaka 2021. Hakimu akauliza kama kuna maandishi. Hakukuwa na maandishi. Na zile wiki saba za Kalemie? Wakili wangu alikuwa amezihesabu tayari endapo zingeulizwa, na nilikuwa na hati yangu ya kusafiria mkobani yenye mihuri. Hakuna aliyeuliza.

Uamuzi ulitoka Februari 2025. Shauri limefutwa. Sikiliza neno hilo, maana mahakamani maneno si sawa: lililo*ondolewa* linaweza kurekebishwa likaletwa tena, lililo*futwa* kwa ukomo wa muda haliletwi tena, labda wakate rufaa. Hawakukata. Chukua nakala ya uamuzi yenye mhuri, usiridhike na kuambiwa.

Shehe mmoja hapa Ujiji alinisikia nikisimulia msibani, akaniambia deni kwa Mwenyezi Mungu halina miaka sita. Sikubishana naye. Sheria hii inazungumzia mahakama tu. Deni lenyewe haijalifuta, imewazuia kunishtaki. Mtu akitaka kulipa kilicho haki alipe, lakini alipe kwa makubaliano mapya yanayotaja kiasi chote na kwamba hapo ndio mwisho, si elfu hamsini kwa kijana mwaloni. Mimi milioni 2 na laki 4 ningezizungumza. Milioni 17 hapana. Mdhamini wako naye asikae kimya akidhani ukipona wewe kapona yeye. Udhamini ni mkataba wake mwenyewe, naye ahesabu tarehe zake.

Nilibakiwa na moja. Siku ya kuchukua mkopo nilisaini fomu za kuhamisha umiliki zisizo na tarehe, nikajua mnunuzi alishabadilisha kadi ya gari. Mwaka huu nikaenda TRA, mamlaka ya mapato, na TIN yangu, namba ya mlipa kodi, kuuliza kuhusu jambo lingine kabisa, dada wa dirishani akaniangalia.

"Mama, hii Canter unaitumia?"

Miaka saba tangu mnada, gari bado linasoma jina langu. Kwa hiyo nawe ukimaliza habari ya deni, pitia TRA na karatasi ya dalali. Mimi nimeshapeleka nakala ya uamuzi na ile karatasi iliyokunjwa mara nne, na Alhamisi naitwa tena.